Treni Iliyoomba Njia Jhok Wassan

Sema ni uongo. Sema sasa hivi, tena kwa sauti, nikucheke mapema tumalizane. Si wewe wa kwanza. Mwalimu wetu wa zamani, yule aliyeniambia kwamba bila shule sitafika popote, naye alisema ni porojo. Nikamwambia sawa mwalimu, basi adhuhuri moja tu ya mwezi Juni ukakae peke yako kwenye jukwaa la stesheni ya Jhok Wassan mpaka adhana ya alasiri. Hadi leo ana udhuru. Mara goti, mara harusi ya mpwa wake. Kwa hiyo bisha, lakini ujue nitakupeleka kule mwenyewe, na nitakuacha.

Jambo lilianza na nguo.

Kaneez, mke wa Rab Nawaz, wanaoishi humo humo stesheni, alikuwa amefua asubuhi na kuanika kwenye kamba iliyofungwa kati ya nguzo ya taa na ubao wenye jina la stesheni. Adhuhuri akatoka kuanua. Nguo zilikuwa zimekauka vizuri, lakini kila moja ilikuwa imeingia weusi, vumbi laini lenye mafutamafuta lililojaa kwenye mikunjo. Akalipaka kidoleni, akanusa. Moshi wa makaa ya mawe.

Sasa niambie wewe mjuzi. Reli za Jhok Wassan ziling'olewa zikapakiwa kwenye malori Kaneez akiwa bado msichana kwao. Pale pamebaki tuta la kokoto na miba. Na hata ile treni ya mwisho kabisa ilikuwa ya dizeli. Makaa ya mawe yalitoka wapi?

Mtu wa kwanza ambaye Kaneez alimshuku alikuwa shemeji yake, Sajjal, mdogo wa mumewe. Sajjal, kwa asiyemjua, ni kijana wa pikipiki. Utaisikia pikipiki kabla hujamwona yeye. Hodari, mcheshi, na waseme wenye wivu watakavyosema, mzuri wa sura.

"Shemeji, utoto huu umeuanza lini?" Kaneez alimtupia kanzu iliyochafuka.

"Utoto gani?"

"Kuchoma matairi nyuma ya ukuta ili mimi nifue mara mbili."

"Bi shemeji, mimi nikitaka kukufanyia mzaha nitakufanyia wa maana. Masizi ni kazi ya mtu asiye na akili. Muulize mumeo."

Rab Nawaz alikuwa kwenye kitanda cha kamba, anakula chapati kwa kitunguu na mtindi. Hakucheka. "Ni wezi," alisema. "Wameiona hii milango ya mbao za msaji. Wanatutisha tuhame, waje waing'oe."

"Wezi wanakuja na moshi?"

"Wezi wanakuja na chochote. Na wewe Sajjal, hao marafiki zako wa kuuza vyuma chakavu, sijui unawaambia nini kuhusu nyumba yetu."

Ndivyo ilivyoanza, kila mtu akamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Stesheni yenyewe waliijenga Waingereza kwa matofali mekundu, ili wachukue pamba yetu, na wakaichukua kweli. Ule ukumbi wa kungojea wa mabibi, wenye dari refu na ndoano za miavuli, siku hizi ni banda la mbuzi wa Kaneez. Zamani kulikuwa na mitungi ya maji jukwaani, ya Wahindu upande huu, ya Waislamu upande ule, na kila upande na mchotaji wake. Mwaka nchi ilipokatwa vipande viwili, Wahindu kule na Waislamu huku, wafanyabiashara wa pamba waliondokea pale pale, wake zao wameshonea dhahabu kwenye pindo, na hawakurudi. Baada yao treni ikabeba ngano, ikabeba watu wa ziara wakienda kwenye kaburi la walii, mpaka mabasi yalipoingia na wakubwa wakasema basi. Wafanyakazi wote wakaondoka. Akabaki Mzee Hazoor Bakhsh, baba yao Rab Nawaz na Sajjal. Yeye alikuwa mgeuza njia, yule anayevuta wenzo reli zikahama. Hakuna aliyemwambia abaki, na hakuna aliyemfukuza. Wanawe aliwalelea mle, Rab Nawaz akaozeshwa mle, na mjukuu wake Mithal alizaliwa kwenye chumba cha kuuzia tiketi. Nani kati yenu amezaliwa mahali penye dirisha la maana hivyo?

Baada ya nguo yakafuata maji. Kaneez alijaza mitungi ya udongo kila asubuhi, na kila alasiri aliikuta mikavu. Haikuwa na ufa. Chini yake mchanga ulikuwa mkavu vile vile, kama unga. Rab Nawaz akaleta shoka, akalala nalo mlangoni. Sajjal akamshuku Kaneez kwamba anawapa maji watu wa kwao kwa siri. Kaneez akanyamaza, kwa sababu yeye sasa alikuwa anamshuku mwingine, na huyo mwingine haikuwa rahisi kumtaja.

Alikuwa anamshuku baba mkwe.

Mzee alikuwa amebadilika. Alikuwa anafagia jukwaa. Alitafuta koti lake la zamani la khaki, akashona vifungo. Ukimuuliza unangoja nani, anatazama tuta, upande wa Tibbi, ile stesheni iliyokuwa kabla ya yetu, anasema, "Simngoji mtu, binti."

Kwetu adhuhuri ya Juni ni wakati wa kulala. Hata mbwa hulala. Siku moja Kaneez akajilaza kando ya Mithal, akafumba macho nusu, akasubiri. Upepo wa moto uliokuwa ukipiga milango ulikatika ghafla. Mbuzi wakaacha kutafuna. Njiwa wa darini wakanyamaza wote kwa pamoja, kama wamezibwa midomo. Halafu ikaja harufu: moshi, mafuta ya moto, na chini yake harufu nyingine, ya watu wengi waliokaa mahali pamoja muda mrefu bila kuoga.

Kengele ikalia.

Mbili, kimya, moja.

Ililia kutoka chumba cha mkuu wa stesheni, chumba kilichofungwa, ambacho ukutani kina kisanduku cha kengele kilichokatwa nyaya zake zamani, nyaya zenyewe zikauzwa. Mzee Hazoor Bakhsh akainuka kitandani. Macho yalikuwa wazi lakini usingizi ulikuwa bado umo ndani yake. Akapita peku juu ya sakafu inayounguza, akasukuma mlango, akainua mkono, akajibu kwenye kisanduku kile kile: mbili, kimya, moja.

Na hapo Kaneez, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akaanza kusikia kitu kinakuja kutoka upande wa Tibbi, kizito, cha polepole, kinasaga kokoto ambazo hazina reli, kikahema, kikahema tena, na ardhi ya chini ya nyayo zake ikatetemeka kidogo kama ngozi ya ng'ombe anayefukuza nzi, na kitu kile kikaingia stesheni na kusimama mbele yake kabisa, mbele ya jukwaa tupu, mbele ya jua jeupe na miba, na hakuona kitu, hakuona chochote kabisa, isipokuwa kwamba kivuli cha paa la jukwaa, kilichokuwa kimenyooka, sasa kilikuwa kimejipinda kama kimelazwa juu ya kitu kilichosimama pale.

Akageuka kumwangalia mwanawe kitandani. Mithal hakuwepo.

Alikuwa ukingoni mwa jukwaa. Mtoto wa miaka minne, amesimama kwa ncha za vidole, ameinua bakuli la maji kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Bakuli likainama lenyewe. Kaneez aliyaona maji yakimwagika, na hayakufika chini.

Alimnyakua. Alikimbia naye mpaka ukutani, amemziba mdomo, kumbe mtoto hakuwa na nia ya kupiga kelele.

"Mama, polepole," Mithal alinong'ona. "Wana kiu."

"Akina nani?"

"Wa madirishani. Yule bibi mwenye bangili amenitengea nafasi. Ijumaa wanaondoka, nitakaa mapajani kwake."

Jioni Kaneez aliwasha taa, akafunga mlango, akamkabili mzee mbele ya wanawe. Sauti aliishusha chini kabisa, kwa sababu Mithal alikuwa amelala chumba cha pili.

"Baba, mchana ulimjibu nani?"

"Sikumjibu mtu."

"Baba, nimekuona."

Mzee akaangalia mikono yake. "Kengele ikilia hujibiwa," alisema.

"Kengele gani?" Rab Nawaz aliruka. "Baba, waya hakuna!"

"Njia ilikuwa moja tu," mzee alisema, kama hakumsikia. "Treni mbili haziwezi kuwa njia moja. Tibbi wakiwa na treni wanagonga: tunayo, mnaipokea? Ukigonga vile vile, umeipokea. Ni mgeni wako. Haiondoki kwako mpaka walio mbele, Khanwah, nao waipokee. Usipojibu, inasimama huko huko nje."

"Sasa si ungeacha kujibu?" alisema Sajjal.

Mzee akamgeukia mwanawe.

"Mwaka ule wa kukatwa kwa nchi," mzee alisema, "nilikuwa mtoto. Baba yangu ndiye aliyekuwa mgeuza njia. Mchana kama huu kengele ya Tibbi ikalia. Treni imejaa watu wanaokimbia, mpaka juu ya paa. Mkuu wa stesheni akasema, asijibu mtu. Aliogopa fujo. Ilikuwa imeshapita Tibbi kidogo, ikasimama katikati ya mchanga, milango imefungwa kwa nje, haiwezi kurudi, haiwezi kuja. Kengele ikalia. Baba yangu naye akalia machozi, lakini hakujibu. Ikalia mpaka jua likazama. Siku ya pili ikalia. Baadaye ikanyamaza. Walipokwenda kufungua milango..." Akaacha. "Kwa kukosa maji tu, binti. Kwa ajili ya maji. Mimi nikaapa kwamba sitaiacha kengele ilie peke yake. Sasa imelia, nifanye nini?"

"Walikuwa watu wa upande gani?" Rab Nawaz aliuliza.

"Sikuuliza. Na wewe usiulize."

Asubuhi wakamwita Sain Luddan, mpunga majini kutoka ng'ambo ya mfereji, mtu mfupi mwenye ndevu za hina na baiskeli isiyo na breki. Alifika na ubani wake, akapanda jukwaa, akapiga hatua, akasimama. Akavua viatu.

"Sain," alisema Sajjal, "hapa si msikitini."

"Wewe nawe vaa vyako ukipenda," Sain alijibu. "Kwato zako hazitaungua."

Alichoma ubani, akasoma, akamwaga maji ya kombe kwenye pembe nne. Moshi wa ubani ulipanda, ukafika usawa wa kichwa, ukakatika ghafla na kuteleza pembeni, kana kwamba umegonga ukuta. Sain akarudi kinyumenyume, jasho linamtoka.

"Siwezi kumtoa," alisema.

"Basi sema ukweli kwamba hujui kazi!" Rab Nawaz alifoka.

"Nyamaza. Kazi naijua. Ninamtoa jini aliyeingia bila hodi. Huyu amepiga hodi, mkamwambia karibu."

Mzee Hazoor Bakhsh akasogea. "Si majini, Sain. Ni wale maskini. Wana kiu tu."

Sain akamshika mkono kwa huruma. "Mzee wangu, waliokufa wako kwa Mola wao, wamekwisha kunyweshwa. Hili lilikuwa linakaa kwenye mchanga ule kabla ya Waingereza. Siku ile lilikaa likasikiliza vilio mpaka likavijua kwa moyo. Sasa linavitumia kama mvuvi anavyotumia chambo. Linataka huruma yako, nawe umeshaitoa. Linataka mtoto, na Ijumaa litamchukua."

Kaneez akamkumbatia Mithal mpaka mtoto akalalamika. "Tuhame. Leo leo."

"Mkihama naye ataitikia akiwa huko," Sain alisema. "Ameshapewa nafasi. Mmelipokea kwa sheria ya reli. Litolewe kwa sheria ya reli."

Wote wakamgeukia mzee. Naye, polepole, akafunga kifungo cha juu cha koti lake.

"Khanwah lazima waipokee," alisema.

"Baba, Khanwah hakuna mtu," alisema Rab Nawaz. "Kuna ukuta uliobaki, mbweha na shamba la pamba."

"Basi nitakwenda mimi," alisema Sajjal. Alisema vile vile ambavyo angesema nitakwenda kununua sigara. Kaneez alimtazama kwa jicho la shaka, lile lile la siku ya masizi, na Sajjal akacheka. "Nini? Ulidhani uzuri wa sura ndio sifa yangu peke yake?"

Mzee alimpa kipande cha reli cha kuning'iniza na nondo ya kugongea, vile vile vilivyokuwa vikitangaza treni zamani. "Ukisikia mbili, kimya, moja, jibu hivyo hivyo. Usizidishe, usipunguze. Ukishajibu, geuza uso ukutani. Isikupite ukiitazama. Umenielewa? Hata ukisikia nini."

"Nimeelewa, Baba."

Ijumaa watu waliposwali na kurudi kulala, Kaneez alimfunga Mithal kifuani kwake kwa shuka, akavuta fundo kwa meno. Rab Nawaz akasimama nyuma yake amemshika mabega. Mtoto alikuwa ametulia. Alisukwa nywele vizuri na mama yake asubuhi, akaomba kanzu yake ya Idi. Harufu ikaja. Mbuzi wakanyamaza. Mzee Hazoor Bakhsh alikuwa chumbani mbele ya kisanduku, wima kama mwanajeshi, na Sain alikuwa mlangoni anasoma bila kupumzika.

Safari hii mzee ndiye aliyegonga kwanza, kuelekea Khanwah. Mbili, kimya, moja.

Kimya.

Akagonga tena, na kutoka kwenye jukwaa tupu zikaanza sauti, kwanza moja ya mwanamke akiomba maji kwa adabu kama mgeni anayeona haya, kisha ya pili, kisha nyingi, zote za chini, zote za upole, zikimwita Mithal kwa jina lake la kubembelezwa ambalo ni bibi yake marehemu tu aliyekuwa akilitumia, na mtoto akaanza kusukuma kwa mikono na miguu, akasukuma kwa nguvu ambazo si za mtoto wa miaka minne, shuka likaanza kulia nyuzi moja baada ya nyingine, Kaneez akazunguka na kumgandamiza ukutani kwa kifua chake huku akisema chukueni maji yote, chukueni mbuzi, huyu hapana, huyu hapana, na Rab Nawaz akawakumbatia wote wawili na kufumba macho, na mzee akagonga mara ya tatu mpaka kisanduku kikatoa vumbi.

Kutoka mbali, upande wa Khanwah, mahali ambapo hata risasi ikipigwa haisikiki Jhok Wassan, likaja jibu. Chuma juu ya chuma. Mbili, kimya, moja.

Kitu kile kikahema. Kikaanza kusogea. Mithal akapiga ukelele mmoja mwembamba, akakakamaa kama ubao, halafu akalegea na kulala palepale kifuani kwa mama yake. Kivuli cha paa kikajinyoosha. Njiwa wakarudia mlio wao.

Siku iliyofuata mitungi ilibaki imejaa. Nguo zilikauka nyeupe. Sain Luddan aliondoka na beberu amemfunga nyuma ya baiskeli isiyo na breki, akaanguka mferejini yeye na beberu, na Kaneez alicheka mpaka akakaa chini. Mzee alivua koti lake, na tangu hapo analala mchana kama watu wengine. Rab Nawaz alirudisha shoka kwa mwenyewe. Na Sajjal akawa shujaa wa Jhok Wassan, mwulize yeyote.

Huwa naishia hapo. Watu wananiitia chai ya pili, tunaachana.

Lakini wewe hukubisha, umekaa kimya muda wote, na kimya chako kinanikera. Basi chukua na kipande ninachokiruka. Sajjal ni mimi, usijifanye hukujua. Niligonga kama nilivyoambiwa. Sikuzidisha, sikupunguza. Na uso sikugeuza.

Nani angegeuza? Nilitaka kuja kuwaambia watu kwamba mimi nimeiona.

Nikaiona. Mabehewa ya rangi ya kutu, mikono imetokeza madirishani, na sura zilikuwa za watu wa kawaida tu, wamechoka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Yakapita yote. Kwenye dirisha la mwisho alikuwepo Mithal. Kanzu ya Idi, nywele zimesukwa. Alikuwa analia, anapiga vyuma vya dirisha kwa viganja vyake na kuniita, "Ami! Ami Sajjal!" na mimi, niliye na neno kwa kila mtu, mdomo haukufunguka na mkono haukuinuka.

Nilirudi pikipiki ikipaa. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kusema. Nikaingia, nikamkuta Kaneez amekaa chini kwenye jukwaa analia kwa furaha, na Mithal mapajani kwake, ndani ya kanzu ya Idi, ananitazama. Kaneez akanibusu mkono. Akaniita ndugu yake. Ningemwambia nini?

Sasa ni mtoto mtulivu. Wote wanasema hivyo. Hasumbui, haombi kitu, hata maji. Kaneez humsuka kila asubuhi akiimba. Mimi siku hizi nalala mjini, nikienda kwao sikai. Lakini juzi nilikwenda, na wakati wanatayarisha chakula akanifuata mpaka kwenye pikipiki, akanivuta mkono niiname. Akaweka mdomo sikioni mwangu. Pumzi yake haikuwa na joto.

"Ami," alinong'ona, kwa upole kabisa, "yule wa dirisha la mwisho bado analia?"